Nukta Ishirini na Tano

Juma lililopita nilikwenda sokoni Kariakoo pamoja na mjukuu wangu wa darasa la tano. Orodha ya viungo niliiandika kwa kusudi, maana mwalimu mstaafu haachi vituko vyake: iliki kilo 0.25, pilipili manga kilo 0.5. Tulipokuwa Mtaa wa Msimbazi nikamwuliza kipi kingi. Akasoma kwa sauti ya darasani, "Sifuri nukta ishirini na tano; sifuri nukta tano," kisha akajibu bila kusita, "Iliki, Babu. Ishirini na tano inaizidi tano."

Muuzaji alipopewa orodha hiyo akaisoma hivi: "Robo ya iliki, nusu ya pilipili manga." Mtoto akanitazama, akainamisha kichwa. Robo na nusu hakuhitaji kufundishwa.

Simlaumu. Tumemfundisha kusoma hivyo sisi wenyewe, nami katika chuo cha ualimu nimewasikia wanachuo wakisoma hivyo miaka mingi nikanyamaza. "Ishirini" kwa Kiswahili ni makumi mawili. Ile 2 iliyo baada ya nukta si makumi mawili. Ni mafungu mawili ya kumi. Tunaitamka kwa jina la nafasi isiyo yake, kisha tunashangaa mtoto akituamini.

Nadhani mazoea haya yametoka katika fedha. Hadi mwaka 1904 rupia ya Wajerumani hapa kwetu iligawanywa kwa pesa 64. Tangu hapo ikagawanywa kwa heller 100. Ndiyo asili ya neno hela: lilikuwa jina la fungu moja la mia, leo ni jina la fedha zote. Shilingi nayo ikaja na senti 100. Katika senti tarakimu baada ya nukta ni mbili daima, 3.05 au 3.50, hivyo kusema "ishirini na tano" hakukudhuru mtu: zilikuwa senti ishirini na tano hasa. Leo senti zimetoweka. Mjukuu wangu hajapata kuishika sumuni yenye picha ya sungura. Umebaki mtindo wa kusoma, kitu chake kimekwenda.

Washairi wasidhani hili ni la walimu wa hisabati peke yao. Katika mshororo wa mizani kumi na sita, silabi "ma" ikiwa ya saba ni silabi tu. Ikiwa ya nane ni kina, na ubeti mzima unaitegemea. Sauti ni ile ile, nafasi ndiyo iliyobadilika. Na kama silabi moja iliyopungua inavyovuruga mshororo, sifuri iliyosahauliwa hugeuza 0.05 kuwa 0.5. Muuguzi akikosea hivyo, mgonjwa amepewa dawa mara kumi.

Rai yangu ni kwamba tarakimu za baada ya nukta zitamkwe moja moja: sifuri nukta mbili tano. Kisha mtoto aulizwe zina maana gani, naye ajibu: mafungu mawili ya kumi na mafungu matano ya mia. Mwenzangu mmoja amenipinga kwamba ni maneno mengi mno. Ni mengi, kweli. Lakini fungu la kumi mtoto amelisikia kanisani. Na wa madrasa ataambiwa kwamba zaka ya dhahabu na fedha ni robo ya fungu la kumi, yaani 0.025, akaigawanya mwenyewe akaona sifuri ile imeingiaje.

Jumamosi tumerudi sokoni. Safari hii niliandika mdalasini kilo 0.125. Mjukuu akasoma, "Sifuri nukta moja mbili tano," akauliza jina lake la sokoni. Nikamwambia, thumuni, moja ya nane. Kijana aliyekuwa akipima akacheka, akidhani nataja senti hamsini za zamani, akatupimia nusu ya robo.