Ujumbe si Mwalimu

Wapo watu wasemao kuwa simu ya mkononi imekwisha kuwa mwalimu. Husema kuwa mwanafunzi aliye katika kundi la WhatsApp hana haja ya kitu kingine: madokezo yatatumwa, maswali yatafuata, na elimu itaingia kichwani kama maji yaingiavyo mtungini. Neno hili ni tamu masikioni, lakini si la kweli. Na uongo mtamu hudhuru kuliko ule mchungu, kwa kuwa humezwa bila ya kutafunwa.

Na atazamwe mtoto wa mkulima wa Titye, wilayani Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma. Simu ya nyumbani kwao ni ya baba, nayo mchana hufuatana na baba shambani au sokoni. Pengine ni simu ndogo ya vitufe, isiyojua intaneti ni kitu gani. Shuleni, kama ilivyo desturi ya shule nyingi nchini, mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Kiha alikinyonya pamoja na maziwa ya mama. Kiswahili akakikuta shuleni. Na alipofika sekondari, Kiingereza kikawa lugha ya karibu kila somo. Mtoto huyu akitumiwa kurasa arobaini za madokezo ya Kiingereza, amefundishwa nini? Aliyemtumia amejitua mzigo wake mwenyewe. Ujinga wa mtoto haukupungua hata chembe.

Shule za Tanzania zilifungwa Machi 17, 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na hazikufunguliwa zote mpaka Juni 29. Mwaka ule ule, nchini Botswana, watafiti walifanya jaribio kwa jamaa 4,500 hivi. Baadhi yao walitumiwa ujumbe mfupi wa hesabu kila wiki, basi. Wengine walitumiwa ujumbe ule ule, kisha wakapigiwa simu na mtu wa kuwaelekeza. Waliopigiwa simu walisonga mbele. Waliopata ujumbe peke yake hawakuonyesha faida ya kutegemewa. Ujumbe ulikuwa mmoja. Kilichozidi ni sauti ya mtu aulizaye na kungoja jibu.

Tanzania yenyewe ilikwisha kuyajua haya zamani. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipotangazwa kwa redio, watu wapatao milioni mbili hawakuachwa wasikilize kila mmoja na lwake. Walikusanyika katika vikundi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, na vijitabu vya kusomwa. Redio ilisema, watu wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nani leo athubutuye kusema kuwa redio peke yake ilivichimba?

Watajibu wengine kuwa kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Ni kweli, lakini kidogo hicho na kiwe chakula, kisiwe harufu ya chakula. Nchini Kenya, Shupavu 291 ya Eneza Education ilipitia ujumbe mfupi ambao hata simu ya vitufe huupokea. Na ndani yake mwanafunzi alikuwa na nafasi ya kumwuliza mwalimu swali. Hapo ndipo ulipo uhai wa jambo lote.

Basi wapendao kutumia simu kwa elimu, na waitumie, lakini kwa haki. Ujumbe uwe mfupi, na lugha yake ifahamike. Watoto watano au sita wakutanishwe kwenye simu moja, pamoja na mkubwa wa kuwaongoza. Mwalimu apewe saa ya kujibu na fedha ya vocha, asiachiwe kuitoa katika mshahara wake na kuambiwa kuwa huko ndiko kujitolea. Yasipofanywa haya, atakayefaidi ni mtoto wa mjini mwenye simu yake na mwalimu wa ziada, na wa Titye ataachwa nyuma mara ya pili, safari hii kwa jina la maendeleo.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, walisema wazee. Na kundi lisilo na mtu wa kujibu humzoeza mtoto kutouliza.