Madaktari wawili, majibu mawili, na faili ni wewe umebeba

Kuna kitu hatuambiwi kuhusu saratani. Mgonjwa akienda kwa daktari wa pili, anaweza kurudi na jibu tofauti kabisa, na hapo ndio familia huanza kupasuka. Na juu sisi vijana ndio tuko na bando, tunarushiwa faili tuseme nani anadanganya.

Mimi naona mara nyingi hakuna anayedanganya.

Chukua anti yangu. Saratani ya titi, na ilishikwa mapema. Daktari wa kwanza alisema titi lote litolewe. Wa pili akasema wacha tutoe uvimbe peke yake, halafu apigwe mionzi. Wajomba wakaamua huyo wa pili anatafuta pesa. Mamangu akaamua wa kwanza ni wa kizamani. Anti mwenyewe? Hakuna aliyemuuliza.

Kumbe wote wawili walikuwa na msingi. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya tafiti mbili kubwa, moja ya Marekani na ingine ya Italia, zilizofuata wanawake kwa miaka 20. Kwa saratani ya mapema, waliotolewa titi lote na waliotolewa uvimbe wakaongezewa mionzi waliishi muda sawa.

Sasa angalia maisha yenyewe. Mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tatu, saa zingine hadi sita. Anti ana duka Mwingi na mashine iko Nairobi. Piga hesabu ya chumba, nauli, chakula, na nani atafungua duka. Daktari wa kwanza alimuuliza anaishi wapi. Wa pili hakuuliza. Hiyo ndio ilikuwa siri ya majibu mawili, na sisi tulikuwa tumeshaitana wezi kwa WhatsApp.

Kwa hivyo ukipewa hiyo faili, usianze na "nani ako sawa?" Uliza kila daktari: kwa nini unashauri hivi, na kwa nini si ile njia ingine? Uliza kama biopsi ilipimwa homoni na HER2, maana hiyo hubadilisha dawa. Hakikisha wote wameona karatasi zile zile. Kuna watu hubishana kumbe mmoja hajaona ripoti. Hospitali kubwa huwa na kikao ambapo daktari wa upasuaji, wa dawa na wa mionzi hukaa juu ya faili moja. Omba yenu ipelekwe huko. Na uliza: tuko na wiki ngapi za kufikiria?

Hiyo ya mwisho ni muhimu, juu katikati ya ubishi huwa kunatokea ankol mwenye majani ya mstafeli. Maoni ya tatu, bure. Steve Jobs, na pesa zote zile, alikaa karibu miezi tisa akijaribu lishe na mitishamba kabla akubali upasuaji mwaka 2004. Chai ya mstafeli mnywe tu mkitaka, lakini kwanza daktari ajue, na tarehe ya hospitali isisogezwe.

Anti alisikiliza wote, akachagua titi litolewe. Mimi ningeenda na mionzi, lakini si mimi niko na duka Mwingi. Mamangu bado amenuna.