Ni Nani Aliyehama?

Katika siasa zetu kitenzi "kuhama" hakina heshima. Mbunge akitangazwa kuwa amehama chama, msikilizaji humalizia moyoni mwake: amenunuliwa. Kwa kuwa kazi yangu ni kuyapima maneno, napenda kulipima hili kwa maisha ya Mmarekani mmoja, James Jeffords wa jimbo la Vermont, aliyefariki mwaka 2014.

Jeffords aliingia Seneti ya jimbo lake mwaka 1967, kisha akawa mwanasheria mkuu wa jimbo. Mwaka 1975 alikwenda Washington katika Bunge la Wawakilishi, na mwaka 1989 katika Seneti ya taifa. Alikuwa mfuasi wa chama cha Republican, lakini wa mrengo wa wastani, mtetezi wa shule na mazingira. Mwaka 1981, katika Bunge hilo la Wawakilishi, ni yeye pekee wa chama chake aliyepinga mpango wa Rais Reagan wa kupunguza kodi. Mwaka 1991 alikataa kumwidhinisha Clarence Thomas kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Hakuna aliyeweza kudai kuwa hakumjua.

Mwaka 2001 Seneti iligawanyika sawa kwa sawa, 50 kwa 50, na kura ya kuamua ilikuwa ya Makamu wa Rais, Dick Cheney. Jeffords alitaka fedha zaidi za elimu ya watoto wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 1975 iliahidi kwamba serikali kuu ingefikia kubeba asilimia 40 ya gharama hiyo, na ahadi haikutimizwa. Wakuu wa chama walipendelea kupunguza kodi. Tarehe 24 Mei, mjini Burlington, alitangaza kujitoa. Akawa seneta asiye na chama, akiwaunga mkono Democrats katika uongozi wa Seneti. Kwa hatua ya mtu mmoja, Trent Lott alipoteza uongozi wa walio wengi, ukamwendea Tom Daschle.

Hapa pana doa, nami silifichi. Wapiga kura walikuwa wamemchagua Novemba 2000 kwa tikiti ya Republican, naye hakurudi kuwauliza. Kwetu Kenya, tangu Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walipoiacha KANU mwaka 1966, sheria humtaka mbunge wa namna hiyo akiachie kiti, na Katiba ya 2010 imeishika kanuni hiyo. Naiona kuwa ya haki. Isitoshe, Jeffords alipata uenyekiti wa kamati ya mazingira.

Lakini tazama yaliyofuata. Oktoba 2002 alipiga kura kupinga vita vya Iraki. Januari 2003 Republican walirudi kuwa wengi, na uenyekiti ukamponyoka. Mlango wa chama cha zamani ulikuwa pale pale, hakuugonga. Alistaafu Januari 2007 akiwa bado hana chama, na kiti chake kikatwaliwa na Bernie Sanders, ambaye naye aligombea bila chama.