Maneno Yapo, Kinachokosekana ni Maelezo

Kuna hoja ambayo kila tukidhani imezikwa huibuka tena, imebadili kanzu tu. Inadai kwamba Kiswahili, pamoja na utamu wake wote katika utenzi na taarabu, hukwama kinapofika mlangoni mwa maabara. Mfano unaopendwa ni seli. Utaulizwa: mitokondria mtaiitaje? Na ribosomu je? Muulizaji hutabasamu kana kwamba hakimu amekwisha kusoma hukumu.

Mwaka 1665 Robert Hooke alichapisha kitabu cha mambo aliyoyaona kwa hadubini yake huko London. Alipotazama ganda jembamba la mti unaotengenezewa vizibo, aliona vijumba vitupu vilivyopangana, akavipa jina la vyumba vidogo, neno lenye asili ya Kilatini. Mwaka 1831 Robert Brown aliona kidutu ndani ya seli za mimea akakiita kokwa, kwa Kilatini tena. Na mitokondria yenyewe? Mwaka 1898 Mjerumani Carl Benda alichukua neno la Kigiriki la uzi na la chembe, akayafunga pamoja. Hakuna hata moja kati ya majina hayo ambalo Kiingereza kilizaliwa nalo. Newton alipotoa *Principia* mwaka 1687 aliiandika kwa Kilatini, maana ndiyo iliyokuwa lugha ya wasomi wa Ulaya nzima. Sijasikia mtu akisema kwamba Waingereza wangepaswa kubaki huko.

Basi wenzetu walitumia chumba, kokwa na uzi. Sisi tunacho kiini. Tunao utando, neno ambalo mtoto analijua kabla ya kuingia shule kwa kuwa ameuona wa buibui darini. Tunacho kimeng'enya, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu neno hili ni bora kuliko lile la Ulaya. Lao linatokana na chachu ya mkate. Letu linataja kazi yenyewe ya kumeng'enya, ingawa nakiri kwamba vimeng'enya vingine huunga badala ya kuvunja. Tunao usanisinuru. Palipopelea tumekopa: protini, molekuli, glukosi, kama tulivyokopa kitabu, meza na shule bila kuona haya. TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Anayesema leo kwamba maneno hayapo hajafungua kabati.

Lakini jina si maarifa. Mwanafunzi anaweza kuandika kwamba mitokondria ni jumba la nishati la seli, apewe alama zake, asijue kinachochomwa humo ni nini. Kwa hiyo tuache kubishana juu ya majina, tujaribu maelezo.

Utando wa seli umejengwa hasa kwa molekuli za mafuta zenye fosfeti. Kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Zitie majini, hazihitaji fundi: vichwa huelekea kwenye maji, mikia hujificha kwa kuelekeana, na safu mbili hujipanga zenyewe. Unene wa safu hizo hauzidi takriban sehemu moja ya laki moja ya milimita. Oksijeni hupenya bila kubisha hodi. Sukari na chumvi hungoja milango, na milango hiyo ni protini.

Au chukua wanga wa ugali na selulosi ya bua la mhindi. Vyote viwili ni minyororo ya glukosi. Kinachotofautiana ni namna pingili zilivyounganishwa. Kiungo cha wanga tunacho kimeng'enya chake, tangu kwenye mate. Cha selulosi hatuna. Ng'ombe naye hana, ila amepangisha tumboni mwake vijidudu wanaomfanyia kazi hiyo, ndipo ananenepa kwa mabua ambayo sisi tungeyala tukakonda.

Ni neno gani katika aya hizo mbili limekushinda, ndugu msomaji?

Sisemi kwamba hakuna mitego. Mtoto anajua kiini cha yai, naye akiambiwa seli ina kiini ataamini kwamba ile duara ya manjano ndicho kiini cha seli. Sivyo. Duara yote ile ni seli moja kubwa ajabu iliyojaa akiba ya chakula, na kiini chake kimo katika kidoa cheupe kilicho juu yake. Mwalimu anayezungumza lugha ya wanafunzi wake huumaliza utata huo kwa sentensi mbili. Kiingereza nacho hutumia neno moja kwa seli, chumba cha mahabusu na betri, wala hakijashtakiwa.

Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari za Tanzania zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Pendekezo likaachwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikataka Kiswahili kitumike katika ngazi zote. Mtihani wa biolojia ukabaki ulivyokuwa. Nao wenzetu wa upande wetu wana lawama yao, wale wanaofua istilahi ndefu kama treni ya mizigo kisha wakazifungia kamusini, bila kuandika hata sura moja ya kitabu cha kiada.

Anayeidhani hii ni kelele ya washairi tu na alitazame neno selimundu. Seli iliyopinda kama mundu: ugonjwa umeelezwa ndani ya jina. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani. Chanzo chake ni herufi moja. DNA huandikwa kwa herufi nne, A hupokewa na T, G hupokewa na C, mfano wa kina kinachodai kina chake. Nayo husomwa tatu tatu, jambo lisiloweza kumtisha mtu aliyezoea kuhesabu mizani nane kwa nane. Herufi moja ikibadilika katika jeni ya hemoglobini, asidi amino ya sita kati ya 146 za mnyororo mmoja hubadilika nayo, molekuli hushikana oksijeni inapopungua, na seli nyekundu ya damu hupinda.

Wazazi wawili wanaobeba jeni hiyo bila kuugua wana uwezekano wa mtoto mmoja kati ya wanne kuugua. Maana yake si kwamba akiugua wa kwanza, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba hupiga kura upya. Somo hilo la urithi hufundishwa sekondari. Wengi wa wazazi hao walilisikia mara moja maishani, kwa lugha waliyokuwa wakiinakili ubaoni, wakalijibu kwa kuchagua kati ya A, B, C na D.