Daftari la Msikiti na Lugha ya C



Mwaka huu mjane mmoja alitujia akihitaji uthibitisho wa ndoa yake kwa ajili ya mirathi. Cheti chake kilikuwa kimelowa mvua. Tuliupata katika kompyuta ya msikiti. Dini iliyotuamrisha kuandika madeni haituruhusu kuzembea amana kama hiyo, na ndiyo maana kamati yetu hapa Mabatini imekaa vikao kadhaa kujadili programu ya kunakili.

Kumbukumbu za wakfu, ndoa, michango ya mazishi na madrasa hunakiliwa kila usiku katika diski ya nje. Programu yenyewe iliandikwa na kijana wetu mmoja kwa lugha ya Python. Hupitia kila faili baiti kwa baiti, hulikata vipande, kisha huhifadhi vile tu ambavyo havijahifadhiwa kabla. Upitiaji huo ndio unaoikesha, na umeme ukikatika kabla ya alfajiri, nakala hubaki nusu.

Kijana akataka kuiandika upya yote kwa C, lugha aliyoibuni Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, ambayo mwaka 1973 ilitumika kuandikia upya mfumo wa Unix. Sisi tulilikataa neno "yote". Programu huria ya bup, iliyotoka mwaka 2010, hufanya kazi inayofanana na hii kwa Python, ila ukataji wa vipande umeachiwa C. Tukamwambia aipange kwanza programu yake, aitenge sehemu ya kukata bila kubadili inachofanya, kisha hiyo peke yake ihame. Alinuna siku mbili. Tulimwelewa, kujenga upya kuna raha kuliko kukarabati.

Programu zote mbili zikapewa mafaili yale yale. Daftari la michango likatoa vipande sawasawa, hata kijana akaomba ruhusa ya kuifuta ile ya zamani. Mzee wetu mhazini, ambaye hajapata kugusa kompyuta, akauliza: na la madrasa mbona halikujaribiwa? Likajaribiwa. Vipande vingi havikulingana.

Daftari hilo lina majina kwa herufi za Kiarabu. Kila herufi hiyo huhifadhiwa kwa baiti mbili zenye thamani ya 128 au zaidi, na C, katika kompyuta kama yetu, isipoagizwa vinginevyo husoma baiti ya namna hiyo kuwa namba hasi. Hesabu ikapinda, na kisu kikaangukia pengine. Data isingepotea, lakini vipande vya zamani vingeonekana vipya na diski ingejaa upesi. Neno moja liliongezwa katika programu, vikalingana.

Ile ya zamani bado haijafutwa. Itakwenda sambamba na mpya hadi mwisho wa Shaaban, na kila Ijumaa baada ya Alasiri tunarudisha faili moja kutoka katika nakala na kulisoma mbele ya mhazini.