Zima Gari, Mkufunzi

Juzi katika shule moja hapa Nangara, mkufunzi alikuja kumkagua mwanachuo aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, darasa la awali. Gari liliachwa likinguruma nje. Alisaini andalio la somo, akatazama zana ukutani, akajaza fomu, akaondoka. Uji wa watoto ulikuwa haujachemka.

Huo si usimamizi. Ni kukusanya saini, na wanaolipia ni watoto wa miaka mitano.

Angewahi saa moja na nusu, angeikuta kazi yenyewe mlangoni. Mtoto alifika akilia, akimwita bibi yake kwa Kiiraqw. Mwanachuo, binti wa watu mgeni wa lugha hiyo, alirudia "nyamaza, nyamaza" mpaka mtoto akajikojolea. Hapo ndipo mwalimu wa awali anapofundwa: ambebe au amwinamie, amwite mwenzake yupi amtafsirie, nguo ya kumbadilisha iko wapi. Mtaala wa 2016 ulipotaja umahiri wa mtoto wa awali, ulianza na kuhusiana, hesabu ikaja baadaye. Kwenye fomu ile kuhusiana kunapewa alama ngapi?

Sera ya elimu ya 2014 ililifanya darasa la awali kuwa la lazima. Ada ikafutwa 2016, wazazi wakaleta watoto, na wamefanya vema. Lakini kiwango ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na mimi siku ile nilihesabu 83, wengi sakafuni. Mwalimu mwenyeji alikuwa amekwenda kuziba pengo darasa la tatu. Simlaumu. Hapewi posho ya kumlea mwanachuo, wala haulizwi neno, ilhali ndiye anayemwona kila siku.

Najua mtaniambia mafuta hayatoshi, wanachuo wametawanyika hadi Magugu na Bashnet. Basi nusu ya alama mpeni mwalimu mwenyeji, mumwandae, mumlipe. Na siku mkufunzi anapokuja, akae tangu mtoto wa kwanza anapofika hadi wa mwisho anapochukuliwa. Tena awe mtu aliyewahi kufundisha awali, si wa kidato cha tatu aliyepangiwa kwa sababu alikuwa na nafasi.

Nasema hivyo kwa sababu nililiona alilolifanya mkufunzi huyu. Binti alikuwa amefungua duka pembeni mwa darasa: vizibo vya soda ndiyo hela, magunzi ndiyo bidhaa. Watoto walikuwa wakiuziana, wakibishania chenji, wakihesabu upya kwa vidole. Yule aliyelia asubuhi alikuwa muuzaji, anataja bei kwa Kiswahili. Mkufunzi aliandika: "Darasa lina kelele. Dhibiti."

Nilirudi kesho yake. Vizibo vilikuwa vimefungiwa kabatini. Watoto wote 83 walikuwa wamekunja mikono, wakiimba moja, mbili, tatu kumfuata binti na fimbo yake ubaoni.