Wazazi, msinunue flash ya «maswali ya rubani»

Niseme bila kuzunguka: zile flash zinazouzwa kwa vijana wetu kwa jina la «maswali na majibu ya mtihani wa rubani» hazina thamani ya makuta yanayoombwa. Najua kuna watakaonikasirikia, na baadhi yao wananisikiliza redioni kila jioni. Wanisikilize na leo.

Hapa mashariki ya Congo ndege si starehe ya matajiri. Mtu wa Bunia anayetaka kufika Beni, akipata uwezo, anaruka, kwa sababu kupitia Komanda ni kubeba roho mkononi. Mzazi aliyeacha mashamba yake Djugu au Masisi na kulala chini ya sheeting anaona ndege ikipita juu, na mtoto wake mwenye diploma ya serikali anamwambia: «Mama, mimi nitasomea urubani.» Ni ndoto nzuri, sitaicheka. Ila wachuuzi wameigundua. Familia moja ya wakimbizi wa ndani ninayoifahamu ilichanga, mjomba aliye Kanada akaongeza, wakanunua faili ya maelfu ya maswali. Hakuna aliyewaambia ni maswali ya mtihani wa nchi gani. Hakuna aliyewaambia ni ya mwaka gani. Kijana amekariri miezi minne.

Tuanze hapo, kwenye nchi. Nadharia ya rubani wa ndege kubwa za abiria haifanywi kwa namna moja dunia nzima. Kwa kanuni za Ulaya ni masomo 13: sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, uzito na mizani, uwezo wa ndege, mwili na akili ya mwanadamu, na mengine. Kila somo linadai asilimia 75, na tangu ufanye la kwanza una miezi 18 tu ya kumaliza yote. Amerika ni mtihani mmoja wa maswali 125, alama ya kupita ni 70, na huingii kabla ya kumaliza kozi maalumu yenye saa za darasani na za simuleta. Hapa kwetu leseni inatolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga wa Kiraia, ile AAC ya Kinshasa. Sasa mtu anakuuzia «maswali ya rubani» bila kutaja hata moja kati ya hizi? Ni kama kumuuzia mtoto vitabu vya darasa bila kujua atasoma shule gani.

Halafu kuna jambo ambalo wachuuzi hawalisemi kamwe. Kwa kanuni za Ulaya huwezi kujisomea nyumbani, kisha ukajipeleka kwenye mtihani. Shule iliyokubaliwa ndiyo inayokuandikisha kwenye kozi ya saa zisizopungua 650, na ndiyo inayokupendekeza kwa watahini. Shule hiyo ina vitabu vyake. Kwa hiyo aliyetangulia kununua rundo la fotokopi amelipa mara mbili, na mara ya kwanza amelipia hewa.

Tarehe nayo. Zamani mitihani ya Ulaya ilikuwa masomo 14, kwa sababu mawasiliano ya redio yaligawanywa mara mbili. Yakaunganishwa. Mpango wa masomo ukaandikwa upya, na mwanzoni mwa 2022 huo mpya ukawa wa lazima. Fungua faili uliyouziwa. Ukikuta masomo 14, funga, dai makuta yako.

Wengine wananijibu: lakini hata wazungu wanatumia benki za maswali! Ni kweli, wanazitumia. Zipo nzuri, za kulipia kila mwezi, zinazosahihishwa kila mara na zenye maelezo chini ya kila jibu. Mwanafunzi anazitumia mwishoni, akishasoma kitabu, ili ajipime. Sisi tunataka kuanza na mwisho. Ni tabia tuliyoilea wenyewe: kila mwaka wakati wa egzetati mnajua namna majibu yanavyozunguka kwenye WhatsApp, na namna wazazi wanavyochanga ili mtoto «asaidiwe». Chuoni tunakariri silabusi ya profesa na tunaisahau kabla ya likizo. Mtu akifanya hivyo kwa historia, hasara ni yake na ya taifa polepole. Kwa rubani ni haraka zaidi.

Nichukue mfano wa karibu, somo la uwezo wa ndege. Uwanja wa Goma, uliofungwa wakati wa vita vya Januari 2025, uko mita zaidi ya 1500 juu ya bahari. Huko juu hewa ni nyepesi. Vitabu vinasema kwamba katika kimo hicho joto la kawaida ni kama digrii 5. Mchana wa Goma ni 25, digrii 20 zaidi. Kila digrii moja ya ziada ni kama kuipandisha ndege futi 120. Piga hesabu: kwa injini na mabawa, Goma imehama kutoka futi 5000 na kitu hadi karibu 7500. Ndege inahitaji pisti ndefu zaidi ili iruke na mzigo uleule. Na pisti yenyewe? Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika karibu kilomita moja ya zile tatu. Aliyekariri kwamba jibu ni C atafanya nini hapo? Hata kwenye mtihani majibu yanabadilishiwa nafasi.

Aprili 15, 2008 ndege ya DC-9 ilishindwa kuruka Goma, ikapita mwisho wa pisti na kuingia Birere. Wengi wa waliokufa hawakuwa abiria. Novemba 24, 2019 Dornier iliyokuwa inaelekea Beni ilianguka kwenye nyumba za watu muda mfupi baada ya kuruka. Wote waliokuwamo walikufa, na watu wa chini pia. Sisemi marubani wale hawakusoma. Nasema tunaolala chini ya njia ya ndege tuna haki ya kuuliza rubani wa kesho anasoma nini. Kampuni zote za ndege zilizosajiliwa Congo zimefungiwa anga ya Umoja wa Ulaya tangu 2006. Hatuna jina la kuchezea.

Kwa kijana asiye na makuta bado: mamlaka ya anga ya Amerika inatoa vitabu vyake vya msingi bure kwenye intaneti. Ni vya Kiingereza, na hiyo ni faida, maana rubani wa safari za kimataifa lazima afikie kiwango cha 4 cha Kiingereza. Sheria za Ulaya hazimo, lakini upepo, injini na bawa ni vilevile kila mahali. Pakua sura moja moja pale penye mtandao. Soma. Kama baada ya miezi sita bado una hamu, ndipo familia ikae kuzungumza juu ya shule, na shule ndiyo iseme kitabu gani, toleo gani, lugha gani.

Na ninyi mnaouza flash, kipindi chetu kina nafasi. Njooni mtuambie mtihani ni wa nchi gani na faili ni ya mwaka gani. Mikrofoni iko wazi.